Tumbako niliyoita dawa ya meno, na mahindi ya baba mkwe

Mwaka 1956 nilipoteza magego mawili, upande wa kulia.

Wakuu, jambo kwenu. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini nitaeleza ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Nilitoka Walikale, msituni, nikapata kazi ya usiku karibu na Kirolirwe. Tulikausha maua ya pareto kwa moto. Moto ukizidi, maua yanaungua. Ukizimika, yanaoza. Ukisinzia, kapita, yaani msimamizi wetu, anakufukuza asubuhi hiyo hiyo.

Kwa hofu hiyo nilikesha nimeuma meno, na tumbako shavuni ili nisisinzie. Gego lilipoanza kuuma, nilishindilia tumbako kwenye tundu lake, likafa ganzi kidogo. Sote pale tuliita hiyo dawa.

(Chekeni tu, ni haki yenu.)

Wakati huo nilimpenda Furaha, binti wa mkulima mmoja wa Mweso. Baba yake alikuwa na mtihani wake mwenyewe: kila mchumba alipewa hindi la kuchoma, gumu, alimalize mbele yake.

Nilikwenda shavu limevimba, tumbako ndani. Nikauma mara moja tu, machozi yakatoka.

"Uko na nini mu kinywa?" mzee akauliza.

"Tumbako, Papa. Hiyo njo dawa ya meno."

"Na jino iko wapi?"

Furaha akajibu kutoka jikoni: "Papa, ile dawa ilisha kula jino."

Mzee alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaniambia, sasa bila kucheka: "Rudia wakati wa mahindi mupya, bila tumbako. Ao usirudie."

Muganga wa zahanati aling'oa magego mawili, lile bovu na la jirani yake. Alisema tumbako ilificha maumivu tu, huku ufizi unaoza.

Kung'olewa kulikuwa rahisi. Kuacha tumbako ndiko kulinitoa jasho. Mwenzangu wa zamu, Bahati, akiniona nasinzia alikuwa ananiuliza kwa sauti: "Kaka, mahindi iko tayari?" Nilikuwa naruka kama nimemwagiwa maji.

Mahindi mapya yalipokomaa, nilirudi. Nilitafuna kwa upande wa kushoto, polepole. Mzee akaligeuza gunzi mkononi.

"Umeacha punje mbili."

"Ni za yale meno mbili yenye haiko, Papa."

Akanipa binti.

Nilichojifunza: kinachotuliza jino si lazima kiliponye. Nyinyi mnaofanya kazi usiku, mnakaa macho kwa kitu gani? Na meno yanasemaje? Andikeni, nitasoma yote. Siku hizi nina muda.

Maana Furaha ameniacha mwaka huu. Siku zake za mwisho hakuwa na jino hata moja, na alitamani hindi la kuchoma. Nilichoma moja, nikalipukuchua, nikatwanga, nikamlisha kwa kijiko.

Aliliangalia gunzi lililokuwa kwenye sahani, akaniambia, maana na mimi alikuwa ananiita Papa:

"Papa, umeacha punje mbili."

Nikazipukuchua, nikazitwanga, akazila.