Bendera Begani mwa Jezi

Mwaka ule nilikuwa nafundisha shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Migori, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kike pekee niliyekuwa na viatu vya raba, nilipewa timu ya netiboli. Wasichana wangu walikuwa wakichezea sare zilezile walizolimia na kuchotea maji. Basi siku moja sokoni nikaona robota la mitumba likifunguliwa, ndani yake jezi za kijivu, zote sawa. Nilizishika zote kabla mama mwingine hajainama. Begani kila jezi ilikuwa na bendera ndogo iliyotariziwa: nyekundu, yenye msalaba wa buluu uliolala mshazari na nyota nyeupe ndani yake. Mwalimu mkuu alizigeuza geuza akauliza jambo moja tu, kama hizo ni rangi za chama chochote, maana uchaguzi ulikuwa umepita juzijuzi na kila rangi ilitiliwa shaka. Nikamwambia hapana. Akaridhika.

Tulipiga picha, nikaituma kwa kaka yangu aliyekuwa akisoma Marekani. Nilimwomba awaulize watu wa kwetu walioko huko kama wangeweza kutununulia mpira. Walikuwa na baraza lao kwenye kompyuta: mmoja anaandika barua pepe, inawafikia wote, na anayetaka anajibu. Walitoka Migori, Homa Bay, Rusinga, hadi Kehancha. Kaka akaiingiza picha kwenye kompyuta na kuwatumia wote.

Majibu niliyapata kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Yeye alikuwa ameacha chaki akawa sekretari wa mradi fulani Homa Bay, na ofisi yao ilikuwa na kompyuta iliyounganishwa na laini ya simu. Wakubwa wake walimruhusu kuitumia Jumapili akitoka misa. Mimi Sabato yangu ilikuwa imeshapita, kwa hiyo Jumapili nilikuwa huru kusafiri. Nilitarajia karatasi moja. Alinipa rundo.

Wa kwanza aliandika kwamba bendera ile ilibebwa na watu wa kusini mwa Marekani waliopigana vita zamani ili waendelee kuwamiliki Weusi kama watumwa, na kwamba ni aibu kuwavisha watoto wetu. Hilo lilinichoma. Sikuwa nalijua, na nilimshukuru moyoni kwa kuniambia. Lakini kuanzia karatasi ya pili waliwaacha watoto kabisa. Mmoja alisema hiyo ndiyo kazi ya ubepari, kuitupia Afrika takataka zake. Mwingine akamjibu kwamba ujamaa uliwapanga jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka foleni za sabuni. Wa tatu akasema alama ni kitambaa tu, wa nne akamwita kibaraka. Hapo serikali na upinzani wakaingizwa, nani aliinua vidole vingapi kuonyesha chama chake na nani aliuza kura. Bwana mmoja wa Kehancha akalalamika kwamba timu ile ni ya Waluo watupu. Mlinzi wetu wa goli alikuwa Mkuria, baba yake mkulima wa tumbaku hukohuko Kehancha, lakini nani aliuliza? Mwishoni mtu akapendekeza mwalimu anayehusika ahamishwe.

Nilimwomba rafiki yangu achape jibu langu hapohapo. Nilisema nimesikia habari za bendera, nitazungumza na wasichana, na kwamba bado hatuna mpira, tunachezea ule wa zamani ambao unaishiwa pumzi kabla ya mapumziko.

Niliporudi Jumapili iliyofuata, rundo lilikuwa kubwa zaidi. Jibu langu lilikuwa katikati, na ni mtu mmoja tu aliyeligusa. Aliuliza mwalimu anasimama upande gani. Wengine waliendelea kana kwamba sikusema kitu. Nilimfokea rafiki yangu kana kwamba yeye ndiye aliyeyaandika. Aliniangalia akasema, "Dada, mimi nimetoa tu kwenye mashine."

Jumatatu niliwakalisha wasichana kando ya uwanja nikawaeleza ile bendera ni ya nani. Nahodha, msichana mrefu wa Rusinga aliyekuwa akiishi kwa shangazi yake hapo mjini, akauliza, "Mwalimu, hao watu watatuletea jezi nyingine?"

"Hapana."

"Na mpira?"

Nikamwambia hawajataja mpira. Aliwageukia wenzake wakasemezana kwa Kijaluo, na yule mlinzi wa Kehancha, aliyekijua vizuri, akawa wa kwanza kuvua jezi yake na kubaki na blauzi ya shule. Alisema haivai tena mpaka kile kitu kitoke. Kesho yake walikuja na nyembe wakazifumua bendera uzi kwa uzi. Pale begani pakabaki kipande cha kijivu kilichokoza kuliko jezi yenyewe.

Kaka alipopata habari akaandika kwamba nipige picha nyingine upesi, ili watu watulie. Nilikataa. Aliniandikia tena kwamba najifanya mgumu, na kwamba wale ni watu wazito, ndio watakaorudi kutuongoza. Nilimjibu, "Ndiyo maana ninaogopa."

Baadaye aliniambia baraza lao lilivunjika mara mbili, kila upande ukijiita ndio wa kweli. Mpira haukuja. Tulikwenda Kehancha kwenye mashindano tukachezea mpira wa wenyeji, tukafungwa vibaya. Mlinzi wetu alishangiliwa hata na wapinzani kwa kuwa walimjua tangu utotoni. Wasichana waliimba njia nzima kurudi. Mimi nilikaa mbele karibu na dereva, nimefura, nikitunga kichwani majibu kwa watu ambao hawangeyasoma.