Diski Nne za Mama Nyemo

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mwanangu, upepo wa Agosti ukipenyeza vumbi chini ya kila mlango wa Dodoma, nilipojiona fundi pekee mwenye akili katika nyanda zote za kati. Nchi ilikuwa imefungulia soko bidhaa za nje. Kompyuta, ambazo jana zilikuwa hadithi, zilishushwa madukani kama maboksi ya sabuni. Hospitali iliyoniajiri ilipata seva mbili, yaani kompyuta kubwa za kutunzia taarifa. Mkuu wetu wa kumbukumbu, Mama Nyemo, Mgogo wa Chamwino, alinikabidhi ile ya kutunza kadi za wagonjwa wa kifua kikuu. Jumatatu makaratasi yangefungwa na kupelekwa ghalani. Tangu hapo muuguzi angeitegemea mashine tu kujua nani amemeza dawa na nani bado.

Seva ilikuwa na diski nne. Nikazitandaza taarifa juu ya zote bila nakala hata moja, mpangilio ambao mafundi huuita reidi sifuri. Nafasi yote nikaipata, na kasi yake, mwanangu, ilinilevya.

"Shikamoo mama. Njoo uone, inakimbia kama swala!"

"Marahaba. Swala wako ana miguu mingapi?"

"Minne, mama."

"Haya, tumvunje mmoja."

Akachomoa diski moja. Skrini ikaganda. Kadi za majaribio zikapotea zote, wala si robo. Karani wetu Tabu, aliyezichapa siku mbili, akashika kiuno. "Baba wee! Vidole vyangu vimevimba bure?"

"Makaratasi bado yapo kabatini, Tabu, nisamehe," alisema Mama Nyemo, kisha akanigeukia. "Kuna binti wa Kizota yuko siku ya arobaini ya dawa. Umeme wetu huu ukiunguza diski moja, utamwambia yuko siku ya ngapi?"

Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mwingine angenifukuza. Yeye alivuta kiti. Mama yule alijifunza kompyuta akiwa amekwisha kuota mvi, kitabu cha maelekezo mezani na kamusi mapajani, na hadi leo sijaona akili iliyotulia kama ile.

"Sema kwanza mashine inafanya kazi gani," aliniambia, "ndipo uguse diski."

Kadi huandikwa kutwa nzima, akaeleza, kwa hiyo kila diski ipewe pacha mwenye taarifa zilezile: jozi mbili, reidi kumi. Nikalalamika kwamba nusu ya nafasi inapotea. "Nusu hiyo ndiyo usingizi wa muuguzi," akajibu. Seva ya pili ilikuwa ya ripoti za zamani, zinazosomwa sana na kuandikwa kwa nadra. Hiyo ikapewa reidi tano: nafasi ya diski moja tu hutengwa kutunzia hesabu za akiba, na moja ikifa, zilizobaki hukokotoa kilichopotea kwa hesabu hizo.

"Na reidi sifuri, mama?"

"Iweke pale ambapo kazi ikipotea unairudia bila mtu kulia."

Kisha akasema baba yake hakuweka ng'ombe wote zizi moja. Wengine aliwalaza kwa wakwe, mbali, maana maradhi hayabishi hodi. "Diski pacha bado ziko zizi moja. Nakala nyingine, iliyorekodiwa kwenye kanda, ilale jengo jingine."

Tulifanya kazi Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Jumatatu, kabla kabati halijafunguliwa, akaniamuru: "Chomoa wewe." Nikachomoa. Mashine ikalia mlio wa onyo. Tabu hakuinua hata kichwa, aliendelea kuchapa.

"Sasa fungeni makaratasi," akasema Mama Nyemo.

Basi, mwanangu, usiulize kwanza mashine ina kasi gani. Uliza nani ataumia ikinyamaza. Kinachoandikwa kila saa kipe pacha. Kinachosomwa tu kipe hesabu ya kukiokoa. Cha kupita kiache kikimbie, na cha thamani kiwe na nakala mbali. Na ukimpata mkubwa anayeivunja kazi yako kabla haijamvunja mgonjwa, mshukuru. Mungu akupe mikono mitulivu, na akuwekee njiani mwalimu wa namna ile.