Mama Aliyemshtaki Mwanawe

Eugenia alikuwa mjane wa Mabira, wilayani Kyerwa, mwenye kibanja cha migomba na kahawa. Kijiji kilimchagua kwenye kamati ya kuwalinda wanawake na watoto kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache. Wanawake waliopigwa walimwendea bila woga. Aliwasindikiza polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, akakaa nao kwenye benchi mpaka walipoitwa.

Mwanawe Jovitus alijenga ng'ambo ya migomba hiyo hiyo. Kuna siku Eugenia alimwona mkwewe, Vero, na alama shingoni. Vero alisema amekwaruzwa na tawi. Jibu la namna hiyo Eugenia asingelikubali kwa mwanamke mwingine. Kwa Vero alilipokea, akaendelea kumenya ndizi.

Asubuhi moja msimu wa kuvuna kahawa, Vero aliingia uani akiwa na mtoto mgongoni, mkono wa kushoto umevimba na kuning'inia. Alikuwa amechelewa kuanua kahawa, mvua ikainyeshea, na Jovitus akampiga kwa mpini wa jembe.

"Mama, naomba nipumzike kwako," alisema. "Akipoa nitarudi."

Eugenia alimfungua mtoto, akambeba mwenyewe, akamtuma jirani aite bodaboda.

Polisi, Vero alieleza kila kitu isipokuwa nani alimpiga. Askari wa dawati, mwanamke aliyemfahamu Eugenia kwa kazi yake, alisubiri. Ndipo Eugenia akataja jina. Askari aliacha kuandika, akamuuliza kama ana hakika.

"Nimemzaa mimi," Eugenia alisema. "Andika."

Kutoka hapo walipelekwa hospitali, na mfupa ukaonekana umevunjika. Jovitus alikamatwa siku hiyo hiyo.

Cassian, ndugu wa marehemu mume wa Eugenia, alikuja na wazee wa ukoo. Walitaka yamalizwe nyumbani, kwa mbuzi na rubisi, pombe ya ndizi, kama ilivyozoeleka, na Eugenia aende akafute kesi. Walimwambia ameuvua ukoo nguo. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," alisema, "wanaume niliowapeleka polisi zamani nao wana mama zao. Wakati ule mlinisifu."

Cassian aliondoka bila kuaga, na hadi leo hamsalimii.

Mahakamani Eugenia alitoa ushahidi kwa sauti ndogo, hakimu akamwomba arudie. Jovitus hakumtazama. Aliposomewa hukumu ya kifungo, mama yake alitoka nje, akashika ukuta, na Vero, mkono ukiwa kwenye plasta, ndiye aliyemshika bega.

Afisa ustawi wa jamii alimtafutia Vero nafasi ya kujifunza ushonaji mjini Omurushaka. Sasa anashonea watu sare za shule, ingawa ule mkono haunyooki vizuri, na amepanga chumba chake.

Kwa muda mrefu Jovitus alikataa kumwona mama yake gerezani. Eugenia aliendelea kwenda, akiacha sabuni getini. Mwishowe Jovitus alitoka kuonana naye, amekonda, akauliza habari za mtoto. Kisha akauliza kama Vero atarudi kwake.

"Sijui," Eugenia alisema. "Hilo ni lake. Mimi siwezi kukuombea."

Jovitus aliinamisha kichwa. Walikaa hivyo, mama na mwana, mpaka askari magereza aliposema muda umekwisha.