Bi Rula na Mshono Ulionyooka

Mama mkwe wangu tulimpa jina la utani Bi Rula, maana aliwahi kumrudishia seremala kabati zima kwa sababu ya mguu mmoja uliopinda kidogo. Kwa hiyo alipoanza kumshonea mjukuu wake, aliye bado tumboni mwangu, mfarishi wa kumfunika, wa vipande vya mashati ya marehemu baba mkwe, nilijua tumekwisha.

Alishona mstari mmoja, akautazama, akasonya. "Umepinda." Akachukua wembe, akafumua. Kesho yake akashona tena, akafumua tena. Mashati yale yalikuwa yamevaliwa mpaka yakalainika. Kila akifumua, nyuzi zinachomoka pembeni na kitambaa kinapungua. Na mengine hayapo, mwenyewe yuko kaburini.

"Mama, mshono umenyooka."

"Usinibembeleze kama mtoto, mwanangu."

Nikaleta rula, nikailaza juu ya mshono. Akainama, akaitazama, akasema hata rula imepinda. Nikamwambia mume wangu, mama yako sasa anagombana hadi na rula. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Kisha akamwita seremala aje kurekebisha mlango wa chumbani. Seremala akaufungua, akaufunga, akaupima, akanitazama mimi.

"Bi Mkubwa, mlango huu hauna kasoro."

"Mmekula njama nyote. Na nondo za dirisha je?"

Nondo zilikuwa zimenyooka. Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari wa macho alitueleza taratibu: katikati ya jicho pameharibika, ndiyo maana kilichonyooka anakiona kimepinda. Kwa hali ilipofikia, si dawa wala miwani itakayomsaidia.

Nilidhani sasa ataniamini. Wapi! Daktari anasema hivi, macho yake yanamwambia vingine. Jana nimemkuta tena dirishani na wembe, anafumua. Vipande vimebaki vyembamba, havishikiki tena na sindano. Nikamshika mkono.

"Niache," akasema. "Nataka mtoto aukute uko sawa."

Akainua macho, akanitazama.

"Mbona uso umekupinda? Unalia?"

"Hapana, mama." Kweli nilikuwa silii.

Akauweka wembe chini.

"Basi na mtoto nitamwona hivyo hivyo," akasema.

Hapo nikalia.