Taa Nyekundu Hadi Urambo

Shemeji yangu Maganga alinipigia simu kutoka Urambo akasema: "Jumamosi mchana tunaanua tanga la dada. Mama anasema usipotokea, tutajua umeshatuacha."

Mke wangu, Nyamizi, alifariki mwaka jana. Tulimzika kwao, nikarudi Dodoma, na tangu hapo sikukanyaga Urambo. Si kwamba niliwachukia. Niliogopa kuingia ule uwanja wa kwao bila yeye. Hatukujaliwa watoto, na ndugu zangu wa kuzaliwa wameshatangulia wote. Watu pekee waliobaki kuniita mtu wao ni wakwe, na nilikuwa karibu kuwapoteza kwa uzembe wangu mwenyewe.

Ijumaa alfajiri nilitoka Dodoma na pikapu yangu ya dizeli, kuukuu lakini yangu. Kwenye dashibodi, taa nyekundu ya betri ilikuwa inawaka wiki nzima. Mimi, mwalimu mstaafu ninayejifanya najua kila kitu, nilishaamua: taa ya betri, basi tatizo ni betri. Nikanunua mpya. Taa ikaendelea kuwaka. Nikajiambia itazima yenyewe. Nyamizi angekuwepo angenivuta shati hadi kwa fundi.

Baada ya Itigi ni pori tupu, barabara imenyooka mpaka inakera. Nikasema, "Hebu nifungulie hayo maji." Nikanyoosha mkono kuyapokea. Kiti kilikuwa kitupu, na chupa ilikuwa chini, imejiviringisha huko. Sikunywa maji tena hadi Tura.

Tura nilisimama kumnunulia mama mkwe asali. Muuzaji alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu, nami nikafanya kosa la mtu aliyelelewa: nikazima gari ili nimwamkie. Nani anamwamkia mtu mzima huku injini inamngurumia usoni?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmetoka mbali?"

Mmetoka! Nikamwambia niko peke yangu. Nilipowasha gari, likalia "ka", likanyamaza. Bibi akacheka. "Sasa mkeo umemwacha nyumbani kwa nini? Si angesukuma?"

"Amefariki, mama."

Akaacha kucheka. "Pole, baba. Panda. Watasukuma hawa." Akawaita wanaume waliokuwa wanapakia magunia, wakanisukuma hadi injini ikashika. Dizeli ya zamani ikishawaka haidai umeme mwingi, lakini taa za mbele zilikuwa zimekufa kabisa. Nilikimbizana na jua, nikaingia Tabora kabla ya giza. Nikaegesha kwenye mteremko mbele ya nyumba ya wageni, ili asubuhi gari liwake kwa kuteremka. Nililala na nguo zangu za safari.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa gereji kwa Fundi Ramadhani, mzee wa mjini mwenye kofia safi kuliko mikono yake. Nilipofungua mdomo tu akanijua.

"Mgogo wewe! Babu zako walitutoza hongo, ushuru wa njia, kila msafara ulipopita kwenu. Leo umejileta mwenyewe." Akachukua boksi la zabibu nililowabebea wakwe, akaanza kula. Mtani humwezi. Nikamtukana kidogo, inavyotakiwa, naye akafurahi.

Akapima betri injini ikiwa imezimwa: volti kumi na moja. Tukasukuma, ikawaka, akapima tena: kumi na moja ileile.

"Hapa inatakiwa ipande hadi kumi na nne," alisema. "Betri yako nzima, ina njaa tu. Alteneta haiilishi. Nani alikwambia ununue betri?"

"Mimi mwenyewe."

"Mwalimu, eti?"

Akabonyeza mkanda unaoizungusha alteneta kwa kidole gumba. Ulikuwa umekaza vizuri. Akafungua alteneta, akanionyesha vipande viwili vya kaboni vinavyopitisha umeme humo ndani. Vilikuwa vimelika hadi vimebaki ukubwa wa kucha. Akatafuta vingine kwenye alteneta ya zamani, taratibu, anakula zabibu, anahadithia. Saa sita ikakaribia. Uvumilivu ukaniishia.

"Fundi, fanya haraka, nakuomba!"

"Unawahi wapi, mtani?"

"Urambo. Wananianulia tanga la mke wangu mchana huu."

Akarudisha zabibu kwenye boksi. "Ungesema mapema, ndugu yangu." Alilehemu, akafunga, akawasha, akapima: kumi na nne. Taa nyekundu ikazima. Ilikuwa saa saba kasorobo.

Urambo nilifika saa nane. Walikuwa wameketi uani, chakula kimeshaliwa. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, maana mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe wake. Maganga akasimama.

"Shemeji, tulikungoja, tukaona tumalize. Tanga limeanuliwa. Kuanzia leo tumekufungua. Ukipata mwenzako, oa. Hatuna kinyongo."

Alisema kwa wema, na ndiyo maana maneno yake yaliniumiza kuliko siku ya mazishi. Nililia mbele ya watu wote, mzee mzima.

"Sikuja kufunguliwa," nikasema. "Sina kwingine. Nimekuja ili nibaki wenu."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Maganga, mkwe anasema habanduki?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mpe jembe."

Uwanja mzima ukacheka, nami nikacheka na machozi yangu. Jumapili tulikwenda kanisani. Jumatatu nililima matuta ya viazi ya mama mkwe tangu alfajiri, na mgongo ukanikumbusha umri wangu.

Jumanne nilirudi Dodoma bila taa yoyote nyekundu. Nimejifunza kupima kabla ya kununua, hilo hata mtoto angenifundisha. Nyumba niliikuta kimya vilevile, kikombe kimoja kwenye meza. Nilikuwa nimekaa hapo, viganja vimejaa malengelenge, Maganga aliponitumia ujumbe: "Mama ameyakagua matuta. Anasema la mwisho umelipindisha makusudi, na anauliza unakuja lini kulinyoosha."