Glisalini ya Alhamisi Kuu

Enzi zetu hakukuwa na losheni ya uso, ya mikono na nyingine ya kulalia. Kwetu Ihanda nyumba nzima ilikuwa na chupa moja ya glisalini, na ole wako uimalize. Aliyetuletea ni shangazi, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma. Mama aliichanganya na maji, maana ukiipaka tupu unanata, na vumbi lote la njia ya shule linahamia miguuni.

Kwaresima moja, baba aliteuliwa kuwa mmoja wa wazee wa kuoshwa miguu na padre Alhamisi Kuu. Ilikuwa heshima kubwa, nami nilishawatangazia darasa zima. Lakini baba alikuwa na magaga ya kutisha, visigino vimepasuka na kujaa udongo wa shamba la kahawa. Akasema, "Siendi. Nitamtia padre kinyaa mbele za watu."

Mama hakubishana naye. Kila jioni alimloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, akamsugua kwa jiwe, akampaka glisalini, kisha akamvisha soksi zangu za shule. Baba mkali yule, ameketi jikoni na soksi za mtoto! Tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Siku ilipofika, njia ilikuwa tope tupu. Baba, kama kawaida ya watu wa kwetu, akavua viatu avibebe mkononi visichafuke. Mama akasimama katikati ya njia. "Baba Neema, vaa hivyo viatu. Viatu tutanunua vingine, miguu hiyo nimeihangaikia." Akavaa.

Kanisani padre aliosha miguu ile, akainama akaibusu. Baba hakumtazama padre. Alimtazama mama, upande wa akina mama, akatabasamu. Nililia kwa furaha.

Sasa binti yangu ananunua krimu za bei mbaya. Nikigeuza kopo nikasoma, glisalini ni ile ile, ila ananicheka nikimwambia.

Juzi nilimpelekea baba chupa yake. Mama alishatangulia mbele za haki. Nilipomvua soksi nikakuta visigino laini, magaga hakuna, maana siku hizi hashiki tena jembe. Nikampaka hivyo hivyo.

"Umechanganya na maji, kama mama yako?" akaniuliza.

Nilimwambia nimechanganya. Moyoni nilitamani magaga yale yarudi, na mama wa kuyasugua.