Dirisha Linalotikisika Kama Jeli

Nilikuwa nasuuza shuka nyuma ya nyumba, hapa Ngoingwa, binti yangu wa chuo aliposimama mlangoni.

"Mum, usikasirike."

Nilikuwa nimeshakasirika.

Kompyuta yetu kuukuu ilikuwa na wasifu wa marehemu shangazi yake aliyeishi Kimbo, na mchapishaji wa kijitabu cha mazishi aliutaka jioni hiyo. Binti naye alikuwa amewasha mfumo mpya wa kompyuta, mmoja wa ile ya bure ambayo yeyote anaweza kuirekebisha. Mifumo hiyo ni mingi. Yeye alichagua ule ambao dirisha la kwenye skrini ukilivuta linatikisika kama jeli.

"Na ukilifunga linawaka moto, Mum! Ni poa sana. Lakini sasa kompyuta imehang, haisogei."

"Ulifuta ule wa zamani?"

"Zii! Nilikuwa najaribu tu kutoka kwa flash, sijauweka ndani."

"Zima. Chomoa hiyo flash. Washa."

Nilisimama nyuma yake, mikono ikidondosha povu, hadi wasifu ukafunguka. Tukautuma papo hapo.

"Kuna mwingine mwepesi," akasema kwa sauti ndogo, "lakini unakaa kama ofisi ya chifu."

"Unafungua kazi?"

"Haraka."

"Basi jaribu huo kwanza."

Ninyi mnaoanza mambo haya, msichague mfumo kwa urembo kama pazia. Moto tunao wa kutosha jikoni.

Nilipopakua ugali na sukuma, sote watano wa nyumba hii tulikuwa mezani. Baba yao akauliza kama wasifu wa dada yake umefika. Binti akaniangalia.

"Umefika," nikasema. "Kuleni."